Ngozi ya Mtoto Ikiungua, Nani Atafanya Kazi Yake?

Watoto wengi wanaolazwa kwa majeraha ya moto katika hospitali zetu hawakutoka kwenye nyumba iliyoteketea. Wameunguzwa na chai, uji, maharage yaliyokuwa jikoni, au maji ya kuoga yaliyotengwa kwenye beseni yakisubiri kupozwa. Wengi wana umri wa mwaka mmoja hadi mitano, umri wa kutembea, kushika na kuvuta kila kinachoonekana, na katika nyumba nyingi mafiga au jiko la mkaa vipo chini kabisa, mahali mkono wa mtoto huyo unapofika bila shida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba majeraha ya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Ndugu wakifika wodini huuliza, "Nesi, mmempaka dawa gani?" Wana haki ya kuuliza, ila dawa ya kupaka ni sehemu ndogo tu ya matibabu. Ngozi ina kazi nyingi. Huzuia maji ya mwili yasipotee, hutunza joto, hufungia vijidudu nje, hupokea hisia, na hunyumbulika ili shingo, kwapa na vidole vikunjwe na kukunjuliwa. Ikiungua eneo kubwa, kazi hizo husimama kwa pamoja. Uuguzi wa mtoto aliyeungua ni kuzifanya kazi hizo kwa niaba ya ngozi hadi ngozi irudi, na muuguzi hawezi kuzimaliza peke yake. Mzazi ana zamu yake, tena ndefu.

Dakika 20 za kwanza

Zamu ya kwanza ni ya aliyepo nyumbani. Chai ikishamwagika, joto hubaki ndani ya ngozi na kuendelea kuiunguza kwenda chini. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, hivyo chai ile ile inayomwachia baba malengelenge inaweza kumwachia mtoto kidonda kirefu. Tiba yake ni maji safi ya baridi ya kawaida, yamiminwe juu ya jeraha kwa dakika 20. Pasipo bomba, chota kwa kikombe umimine taratibu. Kama mtu alichelewa kujua, bado ayatumie, kwa sababu yanasaidia hata saa 3 tangu mtoto kuungua. Barafu haifai, maana hubana mishipa ya damu na kuongeza madhara. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe, kwani mtoto mdogo hupoteza joto haraka.

Mvue nguo, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi. Mwondolee mapema bangili, shanga na kamba, kwa kuwa eneo hilo litavimba na kubana. Kisha funika jeraha kwa khanga safi, umpeleke hospitali. Anayenyonya aendelee kunyonya njiani akiwa macho na hatapiki.

Dawa ya meno, yai bichi, unga, mafuta ya kupikia, kinyesi cha ng'ombe na manyoya ya sungura bado tunavikuta juu ya vidonda. Vitu hivi huingiza vijidudu, huficha kina cha jeraha, na kuvibandua humwongezea mtoto maumivu ambayo yangeweza kuepukwa. Malengelenge nayo yasipasuliwe nyumbani.

Jeraha lolote la uso, mkono, unyayo, sehemu za siri au kwenye kiungo kinachokunjwa lionwe hospitali, hata likiwa dogo. Vivyo hivyo jeraha la umeme au kemikali, jeraha lililozunguka mkono au mguu mzima, lililo kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, na kila jeraha la mtoto mchanga. Aliyekuwa ndani ya moshi, sauti ikakwaruza au masizi yakaonekana puani, ni wa dharura, kwa sababu koo linaweza kuvimba na kuziba.

Kuzuia maji na joto yasipotee

Eneo kubwa likiungua, mishipa midogo ya damu huvuja na maji ya mwili kutoka kwa wingi. Mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10 ya mwili anaweza kufika akizungumza vizuri, na baada ya saa chache shinikizo la damu likashuka na kuhatarisha uhai wake. Ndiyo maana tunaanza na dripu kabla ya kushughulika na kidonda.

Kwanza tunapima ukubwa wa jeraha. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake. Hata hivyo, maumbile ya mtoto si ya mtu mzima aliyepunguzwa. Kichwa cha mtoto mchanga huchukua karibu asilimia 19 ya ngozi yote, zaidi ya mara mbili ya fungu la kichwa cha mtu mzima, na miguu yake huchukua kidogo. Jambo hili liliwekwa kwenye mchoro mwaka 1944 na madaktari Charles Lund na Newton Browder wa Boston, Marekani, na mchoro huo bado unatumika. Anayetumia vipimo vya mtu mzima kwa mtoto aliyemwagikiwa na uji kichwani atampa maji pungufu.

Ukubwa huo ndio hutupa hesabu ya maji. Chukua mtoto wa kilo 10 aliyeungua asilimia 15. Mililita 3 kwa kila kilo na kwa kila asilimia moja iliyoungua, yaani 3 mara 10 mara 15, ni mililita 450 za kufidia maji yanayovuja ndani ya saa 24. Nusu yake, mililita 225, huingia katika saa 8 za kwanza, na saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika. Aliyeungua saa 2 asubuhi na kufika saa 6 mchana anapaswa kuwa amepata nusu hiyo yote ifikapo saa 10 jioni. Juu ya hayo huongezewa maji ya kawaida ya siku yenye sukari, ambayo kwa kilo 10 ni kama lita moja. Hesabu hii ni ya wodini, lakini mzazi akiijua ataelewa kwa nini tunamuuliza mara mbili mtoto aliungua saa ngapi.

Dripu ikishawekwa, muuguzi huangalia mkojo. Mtoto wa kilo 10 anatakiwa kutoa mililita 10 hivi kila saa. Ukipungua, maji hayatoshi. Tunawasihi akina mama wasimwage mkojo wala kubadilisha nepi kimya kimya, kwani kipimo hicho hutuongoza kuliko maneno mengi. Joto nalo hulindwa. Chumba kiwe cha vuguvugu, kidonda kisiachwe wazi muda mrefu, na usafishaji ufanywe upesi.

Jeraha likiwa limezunguka mkono au mguu, uvimbe hubana mishipa. Muuguzi hukiinua kiungo hicho na kuangalia kila saa kama vidole vina joto, rangi na hisia. Vikipoa au kupauka, daktari huitwa saa hiyo hiyo.

Kufungia vijidudu nje

Mlango ambao ngozi iliufunga sasa uko wazi, na kinachoingiza vijidudu mara nyingi ni mikono yetu. Kunawa kabla na baada ya kumgusa mtoto ni tiba, iwe ni mkono wa daktari bingwa au wa shangazi aliyekuja kumjulia hali. Kadi ya kliniki iletwe tuone kama chanjo ya pepopunda imekamilika.

Bandeji ya zamani haivutwi ikiwa kavu. Hulowanishwa kwa maji ya chumvi hadi iachie, ili ngozi changa isibanduke nayo. Juu ya kidonda hutangulia kitambaa cha gozi chenye vaselini, kisichoganda kwenye kidonda. Kila kidole hufungwa peke yake, maana vidole viwili vyenye vidonda vikifungwa pamoja vinaweza kuota vikiwa vimeshikana. Krimu nyeupe yenye madini ya fedha, inayojulikana sana hospitalini, ina mahali pake, ila haifai kwa watoto walio chini ya miezi 2, na huacha utando unaoweza kuficha kina cha jeraha. Vidonge vya antibiotiki havitolewi kwa kila aliyeungua ili "kuzuia". Hutolewa maambukizi yanapoonekana.

Dalili za hatari ni harufu mbaya, rangi ya kijani, wekundu unaotambaa kuzunguka kidonda, au maumivu yanayoongezeka siku baada ya siku. Mtoto mwenye jeraha dogo akipata homa kali pamoja na vipele, kutapika, kuhara au kulegea katika siku za mwanzo, arudishwe hospitali mara moja. Sumu ya bakteria inaweza kumuua wakati kidonda chenyewe kinaonekana kizuri.

Maumivu si adabu

Bado husikika wodini maneno kama "vumilia, wewe ni mwanaume" yakiambiwa mtoto wa miaka minne. Maumivu yasiyotulizwa humnyima usingizi na hamu ya kula, na humfanya aogope kila anayevaa sare. Dawa ya maumivu itolewe mapema, kama nusu saa au zaidi kabla ya kufungua bandeji, ipate muda wa kufanya kazi. Paracetamol ni ya mwanzo tu. Kwa majeraha makubwa ipo morphine, na ketamine hutumika chini ya uangalizi wa mtaalamu wakati wa kusafisha. Mzazi ana haki ya kuuliza, "Amepewa dawa ya maumivu?" kabla bandeji haijafunguliwa, na muuguzi anayejali kazi yake hatakasirika kuulizwa hivyo. Mtoto aambiwe ukweli kwamba itauma kidogo, ashike mkono wa mama, na asidanganywe kwamba hakuna kitakachofanyika.

Kulisha kidonda

Mwili unaojenga ngozi mpya unakula sana. Kwa jeraha kubwa, mahitaji ya nishati yanaweza kukaribia mara mbili ya kawaida. Chai kavu na mkate haviwezi kujenga ngozi. Mtoto apewe maziwa, mayai, dagaa, maharage, uji wa lishe na matunda, kidogo kidogo na mara nyingi, kuanzia siku ya kwanza kama hali inaruhusu. Akishindwa kula, huwekewa mpira wa kulishia puani. Wazazi wengi huuogopa mpira huo wakidhani ni dalili ya kufa, ilhali unamletea chakula wakati mwili unakihitaji zaidi.

Kunyoosha kiungo

Hapa ndipo tunapowapoteza watoto wengi, na ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole. Mtoto mwenye kidonda hukunja kiungo kwa sababu akikunja hapati maumivu. Mama kwa huruma humwacha alale hivyo, na humwekea mto laini chini ya shingo iliyoungua. Kidonda kinafunga, familia inafurahi, na kovu linaendelea kuvuta. Baada ya miezi kidevu kimeshikana na kifua, mkono umegandia ubavuni, au vidole vimejikunja kama ngumi isiyofunguka. Mwili unakua, lakini kovu halikui kwa kasi ya mwili.

Namna ya kuzuia inajulikana. Shingo iliyoungua kwa mbele hulazwa bila mto. Kwapa huachwa wazi, mkono ukinyooshwa pembeni. Goti na kiwiko vilivyoungua upande wa mkunjo hunyooshwa, kwa banzi ikibidi. Mazoezi ya viungo huanza mapema, dawa ya maumivu ikiwa imefanya kazi. Kidonda kisichofunga ndani ya wiki 3 hivi kionwe na daktari wa upasuaji, kwani huenda kinahitaji kupandikizwa ngozi, na kukiacha kijifunge chenyewe ni kukaribisha kovu baya.

Ngozi ikifunga, kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja hadi miwili. Lipakwe mafuta yasiyo na manukato na kusuguliwa taratibu kila siku, likingwe na jua, na nguo ya kubana ivaliwe kama mtaalamu alivyoelekeza. Mwasho utakuwepo, hivyo kucha zikatwe. Tarehe za kliniki zisiachwe kwa sababu "kidonda kimepona". Aliyekwisha kukunjika pia asikatiwe tamaa, kwani upasuaji wa kufungua makovu hufanyika nchini Tanzania, CCBRT jijini Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa hospitali zinazoufanya.

Ngozi inayougua bila moto

Kanuni hiyo hiyo ya kuisaidia ngozi kufanya kazi yake hufaa magonjwa mengine ya ngozi. Katika pumu ya ngozi, ngozi imeshindwa kuzuia maji, na muuguzi humfundisha mama kumwogesha mtoto kwa muda mfupi kwa maji ya vuguvugu, asimsugue kwa dodoki, na kumpaka vaselini kwa wingi mwili ukiwa bado na unyevu. Katika upele, mgonjwa ni nyumba nzima. Wote wapakwe dawa siku moja, hata wasiowashwa, na warudie kama walivyoelekezwa, la sivyo utarudi. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu, kwa sababu fangasi wamo ndani ya mzizi wa nywele, na mtoto anahitaji dawa ya kunywa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na hapo pia hutengenezwa krimu ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Ujuzi upo karibu, tusiutafute kwenye kopo lisilo na lebo sokoni.

Neno kwa wazazi na kwa wauguzi wenzangu

Inua jiko juu au lizungushie kizuizi. Geuza mpini wa sufuria ndani. Weka maji baridi kwenye beseni kwanza, ya moto yafuate. Usimbebe mtoto ukiwa na kikombe cha chai. Mtoto mwenye kifafa atumie dawa zake bila kukosa, kwani baadhi ya watoto wenye kifafa huungua kwa kuangukia moto. Akiangukia moto avutwe haraka, bila kuogopa kumgusa. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana.

Wauguzi wenzangu, tusimkaripie mama aliyefika na mtoto aliyeungua. Palipo na dalili za ukatili tuzifuatilie kama sheria inavyotutaka, lakini ajali za jikoni ni nyingi zaidi, na mama aliyeaibishwa leo atachelewa kurudi kliniki kesho, na gharama ataibeba mtoto. Mfundisheni kulaza shingo bila mto, kusugua kovu, kulisha na kuuliza dawa ya maumivu. Mtoto atakaa nasi wiki chache tu, kisha miaka yote inayobaki atakuwa mikononi mwa mama yake.