Safari ya Gilgamesh na Swali Lililomfuata

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo simleti Sungura wala Fisi. Namleta mfalme, jina lake Gilgamesh, wa mji wa Uruk, kusini mwa nchi tunayoiita leo Iraki. Utenzi wake uliandikwa kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, kwa alama zenye umbo la kabari. Vibao vingi vilifukuliwa katika magofu ya Ninawi, kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal, vikapelekwa London. Huko ndiko George Smith, mwaka 1872, alipokisoma kile kinachosimulia gharika kuu, dunia ikapigwa na butwaa, maana ilishabihiana mno na ile ya Nuhu. Tangu siku hizo, ukimtaja Gilgamesh watu hukimbilia gharika. Mimi gharika naiweka kando. Nataka tuzungumze juu ya rafiki yake.

Gilgamesh alikuwa theluthi mbili mungu, theluthi moja mtu. Nguvu alizokuwa nazo hazikuwa na mfano, na mtu wa kumwambia "basi, inatosha" hakuwapo. Akawaonea raia hadi wakalia kwa miungu. Ndipo mungu wa kike Aruru akafinyanga udongo, akamtoa Enkidu, mtu wa porini, mwenye manyoya mwili mzima, anayekula majani na swala na kunywa nao kwenye dimbwi moja. Walipokutana walikamatana mieleka mlangoni pa nyumba ya harusi mpaka kuta zikatikisika. Walipoachiana, walikuwa marafiki. Msishangae. Hata ninyi humu ndani wapo walioanza kwa kuvutana mashati na sasa hawali bila wenzao.

Wakaenda pamoja Msitu wa Mierezi, wakamuua Humbaba, mlinzi wake. Wakamuua Fahali wa Mbinguni. Miungu wakakasirika, wakakata shauri kwamba mmoja kati ya wawili hao lazima afe. Enkidu akaugua siku 12. Kilichomuuma zaidi ni kwamba anafia kitandani, si vitani.

Gilgamesh akamfunika uso kama afunikwavyo bibi harusi. Akang'oa nywele zake, akavua mavazi yake ya thamani akayatupa. Siku sita na usiku saba alikataa maiti izikwe, akidhani labda kilio chake kitamwamsha. Aliachia pale tu funza alipodondoka kutoka puani mwa rafiki yake. Najua baadhi yenu mmekunja nyuso. Lakini mtunzi hakuliweka jambo hilo ili kutuchefua. Mpaka funza yule alipoanguka, mfalme alikuwa hajakubali.

Akajivika ngozi ya simba, akatoka mjini. Ukimuuliza aendako, atakuambia anamtafuta Utnapishtim, mzee aliyenusurika na gharika akapewa uhai usiokwisha, amwulize namna ya kukikwepa kifo. Akapita kwenye mlima unaolindwa na watu-nge, akatembea gizani asione mbele wala nyuma, akatokea ufukweni mwa bahari. Hapo palikuwa na kilabu cha pombe cha mama mmoja, Siduri. Alipomwona mtu yule amechakaa, akafunga mlango, akapanda juu ya paa. Kutoka huko akamuuliza: mbona mashavu yamekubonyea, mbona uso umekusawijika hivyo?

Gilgamesh akamweleza yote. Rafiki yangu, niliyempenda, niliyepita naye katika kila shida, amefikwa na yanayomfika kila binadamu. Amekuwa udongo. Je, na mimi sitalala kama yeye?

Akaenda kwa Urshanabi, nahodha. Swali likawa lile lile, naye akajibu vile vile. Akafika kwa Utnapishtim. Swali lile, jibu lile, karibu neno kwa neno. Msomaji mwenye haraka huruka sehemu hizo, akasema mwandishi kaishiwa. Mimi nasema hajawahi kukaa kwenye matanga. Kila anayeingia na kusema "poleni" husimuliwa upya: alianza kuumwa lini, alipelekwa wapi, alisema nini mara ya mwisho. Mfiwa hachoki kurudia, na hakuna anayemwambia kwamba tumeshasikia.

Huyo Urshanabi namtazama kwa jicho la pekee. Gilgamesh alipomfikia, kabla hata ya salamu, kwa hasira zake alivunja mawe yaliyokisaidia chombo kuvuka Maji ya Mauti. Nahodha angeweza kumfukuza. Badala yake alimtuma msituni akate pondo nyingi, kila moja isukume mara moja tu na kuachwa, mkono usije ukagusa maji yale. Pondo zilipokwisha, Gilgamesh akaitandaza nguo ikawa tanga. Wakafika.

Utnapishtim akampa mtihani: wewe unayetaka kukishinda kifo, hebu ushinde usingizi siku sita na usiku saba. Gilgamesh akaketi, na papo hapo akasinzia. Mke wa mzee akawa anaoka mkate kila siku na kuuweka karibu na kichwa chake, na kutia alama ukutani. Alipoamshwa alidai kwamba alifumba macho kidogo tu. Wakamwonyesha mikate: wa kwanza umekauka, mwingine umeota ukungu, wa saba bado uko kwenye makaa.

Wakati wa kuondoka alitajiwa mmea wa chini ya maji unaorudisha ujana. Akapiga mbizi akaupata. Hakuula, akasema atampa kwanza mzee mmoja wa Uruk aujaribu. Njiani akaingia kuoga kwenye maji baridi, nyoka akaunyakua, akajivua gamba na kutokomea. Gilgamesh akaketi, akalia. Aliyekuwa kando yake ni Urshanabi, aliyeacha chombo chake na kufuatana naye mpaka Uruk.

Vibao viko 12, na wataalamu wengi husema cha mwisho kimebandikwa tu, kwa sababu kinapoanza Enkidu yu hai tena. Kwa hesabu ya matukio wana haki, lakini mimi nisingekiondoa. Humo Enkidu anashuka kuzimu na kunaswa huko, kisha roho yake inapanda kupitia tundu ardhini. Marafiki wanakumbatiana. Gilgamesh anamsihi amweleze hali ya huko chini. Enkidu anakataa: nikikueleza, utaketi na kulia. Na mfalme yule, aliyekizunguka kilio chake kwa kuizunguka dunia, anamjibu kwamba basi ataketi na kulia, yeye aseme tu. Enkidu akaanza kusema.