Kwa Nini Seva ya Serikali Inahitaji Mlinzi Wake

Mkazi wa Nyamarambe anayefika kulipia leseni ya biashara na kuambiwa "mtandao uko chini" ndiye anayebeba hasara. Nauli imetumika, duka limefungwa, na kesho lazima arudi. Hata hivyo, si kila mara tatizo huwa kwenye nyaya au kampuni ya intaneti. Wakati mwingine seva yenyewe imezidiwa, na hakuna aliyejua mapema.

Siku hizi seva moja kubwa hugawanywa kwa programu maalumu ikafanya kazi kama seva kadhaa. Hizi huitwa seva pepe. Moja yaweza kushughulikia mapato, nyingine mishahara, nyingine rekodi za wagonjwa. Mpango huu hupunguza gharama ya mashine na umeme, lakini seva mwenyeji ikikwama, zote hukwama pamoja.

Chukua mfano wa seva mwenyeji yenye nafasi ya gigabaiti 1,000. Seva pepe sita zinaweza kuahidiwa gigabaiti 300 kila moja, jumla 1,800, kwa kutarajia kwamba hazitajaza zote kwa wakati mmoja. Kila moja ikijiangalia huona bado ina nafasi, ilhali diski ya mwenyeji imejaa. Ni kama nyumba za kupanga zinazotumia tangi moja la maji: mpangaji huona mfereji wake ni mzima, kumbe tangi limekauka.

Kwa hivyo haitoshi kuchunguza seva pepe peke yake. Katika seva mwenyeji huwekwa programu wakala inayopima diski, kumbukumbu, prosesa na msongamano wa mtandao. Zabbix, ambayo haina ada ya leseni, ni mojawapo ya mifumo inayotumika duniani. Afisa wa TEHAMA anapoisanidi huzingatia mambo manne:

1. Wakala aruhusiwe kujibu anwani ya seva ya ufuatiliaji pekee. Kwa kawaida Zabbix hutumia mlango 10050, ambao haufai kuachwa wazi kwa intaneti nzima.

2. Jina la mashine lilingane na lile lililosajiliwa kwenye seva ya ufuatiliaji. Likikosewa hata herufi moja, taarifa anazotuma wakala mwenyewe hazitapokelewa.

3. Viwango vya tahadhari viwekwe mapema. Kwa mfano, onyo diski ikifika asilimia 80, na dharura ikifika 90. Ujumbe umfikie afisa wa zamu kwa simu.

4. Seva ya ufuatiliaji iwe kwenye mashine tofauti. Mwenyeji akizimika, ukimya wa wakala uwe tahadhari.

Umuhimu wa kazi hii ulionekana Julai 2023, shambulio la mtandaoni lilipovuruga huduma za eCitizen nchini kote. Ufuatiliaji hauzuii shambulio, lakini huwaonyesha maafisa mapema kwamba msongamano si wa kawaida.

Wananchi wasiwe na hofu kuhusu siri zao. Wakala akisanidiwa hivi husoma vipimo vya mashine, si majina wala rekodi za hospitali, ambazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Ukikosa huduma, andika saa na aina ya huduma, kisha umwachie afisa wa dawati taarifa hiyo. Saa hiyo ikilinganishwa na kumbukumbu za seva, chanzo cha hitilafu hupatikana upesi.