Tarumbeta ya Louis Armstrong

Leo tutatega masikio kwa tarumbeta ya Louis Armstrong, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New Orleans mwaka 1901, akafariki mwaka 1971. Jirani zetu wa Nairobi walimwona kwa macho mwaka 1960.

Kwanza, jueni jinsi tarumbeta inavyolia. Ni kama pembe la mnyama: sauti huanzia katika midomo inayotetemeka, shaba huikuza tu. Vibonyezo vitatu hurefusha njia ya pumzi. Mpigaji akitaka sauti ya juu, hana budi kukaza midomo na kusukuma pumzi kwa nguvu. Basi, uzi wa litungu ukikatika utafunga mwingine. Midomo haina akiba. Armstrong alipenda mno sauti za juu, hata midomo yake ikaumia na kuota sugu. Mwaka 1934 ilimbidi apumzike Paris kwa miezi kadhaa.

Sasa tuchukue santuri ya “West End Blues” ya mwaka 1928. Bluzi ni wimbo wa majonzi, na kwa kawaida mzunguko wake ni wa vipimo 12, ukirudiwa tena na tena. Tarumbeta yaanza peke yake, kama mtu apigaye hodi kwa sauti kuu. Karibu na mwisho yashika sauti moja ya juu kwa vipimo vinne hivi. Hebu jaribu wewe kushika sauti moja sekunde kumi bila kuyumba!

Mwaka 1931, akiwa na bendi kubwa, alirekodi “Stardust”, wimbo wa mapenzi wa Hoagy Carmichael. Wimbo huo una milima na mabonde, lakini yeye anapoimba huyasawazisha, akikaa karibu na sauti moja. Pengine utasema ameuharibu. Mimi naona ameondoa mapambo, akabakiza kilio.

Santuri zile zilichukua dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya porojo. Mwaka 1954, akikaribia miaka 53, alirekodi “St. Louis Blues” ya W. C. Handy kwa karibu dakika tisa.

Zoezi: ukizipata santuri hizi, sikiliza mahali anapovuta pumzi. Je, ni mwisho wa maneno, au katikati?