Chujio la moshi kwa mitambo ya migodini: Pima joto kabla ya kuagiza

Wauza spea wa Chamazi na Mbagala wamezoea kuuza chujio kwa namba. Namba ya chujio la oili ikikubaliana na injini, mali imetoka. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini ziliwapa kampuni za wazawa kipaumbele cha kuuza bidhaa migodini, na baadhi yao huenda wakavutiwa na chujio la moshi wa dizeli. Hilo haliuzwi kwa namba. Anayeagiza kontena kwa kufuata katalogi peke yake yuko hatarini kubaki na mzigo.

Sababu ya kulitafuta ni ya wazi. Katika shimo kama la Bulyanhulu, mgodi wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2001, moshi wa mitambo hauna pa kwenda isipokuwa kwenye hewa wanayovuta wachimbaji. Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Feni kubwa husaidia, ila umeme wake ni gharama ya kila siku.

Chujio linalotumika zaidi ni la kauri. Ndani lina vijitundu vingi vilivyozibwa upande mmoja mmoja kwa kupishana, hivyo moshi hulazimika kupenya kuta na kuacha masizi. Masizi yakijaa, presha hurudi kwenye injini. Nguvu hupungua na mafuta huliwa zaidi. Kwa hiyo ni lazima yaungue humo humo. Bila kichocheo huhitaji joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi. Kauri ikipakwa kichocheo kama platinamu, kati ya 350 na 400 hutosha.

Hapo ndipo mtaji hupotea. Lori linalopanda kutoka chini likiwa na shehena ya mawe hufikia joto hilo mara kwa mara. Landcruiser inayowazungusha wahandisi, ikisimama na kuondoka, aghalabu haifiki. Chujio lile lile litadumu kwenye lori na kuziba upesi kwenye gari dogo, na muuzaji ndiye atakayeitwa tapeli. Gari la namna hiyo lahitaji chujio la kufunguliwa na kuchomwa masizi katika tanuri la umeme, pamoja na la akiba la kufunga wakati huo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa bei, mfanyabiashara aombe kumbukumbu za joto la ekzosi za kila mtambo, zilizochukuliwa kazini kwa zamu kadhaa. Kipimo cha dakika kumi gereji hakitoshi.

Jaribio la kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba, ambalo wauzaji hulipenda, huonyesha masizi tu. Mwaka 2003 watafiti wa serikali ya Marekani walijaribu vichujio katika mgodi wa Stillwater, Montana, ndani ya njia iliyotengwa. Kaboni hewani ilipungua sana, lakini baadhi ya vile vya platinamu viliongeza naitrojeni daioksaidi, gesi ya sumu ambayo kitambaa hakiioni. Mnunuzi makini atataka vipimo vyote viwili.

Kisha kuna mafuta. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza Januari 2015 kilitaka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Salfa ikizidi, platinamu huigeuza kuwa chembe za salfeti, na chujio likaonekana bovu. Dizeli iliyochakachuliwa yaweza kuharibu hesabu nzima ya dhamana, hivyo mkataba utaje mafuta yatakayotumika.

Mwekezaji mdogo atazame zaidi huduma kuliko mauzo. Majivu ya oili ya injini hayaungui. Chujio hufunguliwa na kusafishwa kila baada ya muda. Kazi hiyo hujirudia, nayo haiwezi kufanyiwa Chamazi ilhali mtambo uko Kahama, takriban kilomita 1,000 kwa barabara. Atakayekubali kuweka fundi na vifaa karibu na mgodi ana la kuuambia mgodi zaidi ya bei. Asisahau pia mitambo ya betri: mgodi wa Borden nchini Canada, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019, ulipangwa uendeshwe kwa umeme badala ya dizeli. Mkopo wa miaka mingi kwa ajili ya shehena ya vichujio ni jambo la kupigiwa hesabu mara mbili.