Mbwa Mdogo na Mizani ya Hofu

Katika nyanda za Gusii, na hasa huku Kebirigo katika kaunti ya Nyamira, ambako mashamba ya majani chai huteremka kutoka migongo ya vilima hadi kingo za vijito, na ambako boma la mtu na la jirani yake aghalabu hutengwa na ua wa miti tu, mbwa aliyezoeleka tangu zamani ni yule koko wa kimo cha kadiri, mlinzi wa usiku, alaye makombo na kulala penye jivu la moto wa jana. Lakini miaka hii ya karibuni ameanza kuonekana majumbani mbwa wa namna nyingine: mdogo wa umbo, mwenye manyoya mengi au masikio yaliyosimama, wa asili ya spitz au chihuahua au mchanganyiko usiojulikana mwanzo wake, aliyenunuliwa mjini kwa bei ambayo mzee wa zamani angaliisikia akadhani anatajiwa bei ya ndama. Na pamoja na mbwa huyo umeingia nyumbani wasiwasi wa kila aina. Je, mwewe hatamnyakua? Je, baridi ya alfajiri haitamwua? Je, afunguliwe acheze na mbwa wa jirani, au afungiwe ndani mpaka akue? Sina nia ya kuwacheka waulizao hayo, maana kiumbe cha kilo 3 kina sababu za haki za kuogopewa. Taksiri, kwa maoni yangu, haipo katika wingi wa hofu bali katika mahali inapoelekezwa. Na njia nyepesi ya kuielekeza penyewe ni kuipima kwa kilo.

Tuanze na mwewe, kwa kuwa ndiye atajwaye kwanza. Kila aliyefuga kuku amemwona akishuka kama jiwe na kupaa na kifaranga, na si ajabu kwamba picha hiyo humjia pindi amwonapo mtoto wa mbwa peke yake uwanjani. Walakini mwewe wa kawaida hana hata uzito wa kilo moja kamili, na ndege wa kuwinda, hata awe hodari namna gani, hawezi kuondoka ardhini na mzigo unaolingana na mwili wake ila kwa taabu kubwa na msaada wa upepo. Kifaranga aliyetoka yaini juzi ana gramu 40 hivi. Mtoto wa mbwa wa miezi 2, hata wa mbegu ndogo, aghalabu amekwisha kumzidi mwewe mwenyewe kwa uzito. Wa kuogopwa kwa yakini ni tai mkubwa wa misituni mwenye kishungi, ambaye hukaribia kilo 5, naye huua kima na paa wadogo, kisha huwakatakata papo hapo chini na kuwachukua vipande vipande. Leslie Brown, aliyekuwa afisa wa kilimo nchini Kenya na bingwa wa elimu ya ndege, aliwachunguza tai hao kwa miaka mingi katika kiunga cha Karen, Nairobi. Hofu yetu ya mbingu huenda ikawa na asili ya kale kuliko tunavyodhani, kwani fuvu la kale la kiumbe wa nasaba ya binadamu aitwaye mtoto wa Taung, lililotambuliwa na Raymond Dart huko Afrika Kusini mwaka 1924, lina alama ambazo Lee Berger na Ron Clarke walizitolea hoja mwaka 1995 kwamba ni za makucha ya tai. Ila tai huyo ni ndege wa msitu, ilhali Nyamira ni nchi ya chai, ndizi na nyumba: sensa ya 2019 ilihesabu humu watu 605,576, yaani zaidi ya 600 kwa kila kilomita mraba. Anayekaa karibu na mti mkubwa wenye kiota na awe macho. Wengineo na wamhofie mwewe kwa ajili ya vifaranga vyao tu.

Kwa nini basi mwewe akawa mashuhuri hivi katika hofu zetu? Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza mwaka 1973 kwamba akili ya binadamu, itakapo kukadiria jambo hutokea mara ngapi, hukimbilia kupima jinsi mfano wake unavyokumbukwa kwa wepesi. Kisa cha mwewe husimuliwa kwa miaka, na watoto wakakiigiza kwa mikono. Mtoto wa mbwa aliyekufa kwa kuhara nyuma ya jiko hufukiwa kabla ya saa sita mchana, wala hapana asimuliaye.

Sasa tuutazame udogo wenyewe, kwani humo ndimo zilimo hatari za kweli. Mbwa wa kilo 30 ni mzito mara 10 kuliko wa kilo 3, lakini ngozi yake haikuzidi mara 10; imezidi mara nne na nusu hivi. Maana yake ni kwamba kila kilo ya yule mdogo imefunikwa kwa ngozi zaidi ya mara mbili ya ile ifunikayo kilo ya mkubwa, na joto la mwili hupotelea katika ngozi hiyo. Max Kleiber, mtaalamu mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi yake California, alionyesha mwaka 1932 kwamba moto wa ndani ya wanyama hauongezeki sambamba na uzito wao, na kwa hesabu yake kilo moja ya mbwa mdogo huyu huchoma chakula karibu mara moja na robo tatu ya kilo ya mbwa mkubwa. Kwa hiyo mbwa mchanga wa mbegu ndogo akikosa kula kwa saa nyingi, sukari ya damu yake hushuka upesi, akalegea, akatetemeka, na pengine akashikwa na degedege. Naye hula mara tatu au nne kwa siku kwa sababu ya maumbile, si kwa kudekezwa. Kwa mujibu wa hesabu hiyo hiyo, yule mama anayechekwa sokoni kwa kumvika mbwa wake fulana ya sufu amepata haki: katika nyanda zinazokaribia mita 2,000 juu ya bahari, ambako mvua ya jioni huacha baridi mpaka asubuhi, mbwa mdogo wa manyoya mafupi anaihitaji kuliko wachekaji wenyewe.

Damu nayo ina kipimo. Mbwa ana takriban mililita 85 za damu kwa kila kilo, kwa hiyo damu yote ya mbwa wa kilo 3 haijazi chupa ya soda ya mililita 300, na ya mtoto wa kilo moja haifiki hata mililita 100. Mnyoo mmoja wa safura waweza kumpotezea hadi sehemu ya kumi ya mililita kwa siku. Minyoo 100, ambayo si mingi kwa mtoto wa mbwa, maana huipata katika maziwa ya mama yake, yaweza kumpotezea hadi mililita 10 kila siku, na mwenye mbwa haoni kitu ila ufizi uliopauka. Dawa ya minyoo hupewa mtoto wa mbwa akiwa na wiki 2, kisha kila wiki mbili mpaka aache kunyonya. Haigharimu sana, wala haina sifa ya kusimuliwa kama kisa cha mwewe, lakini sidhani kama iko hadhari yenye faida kubwa kuliko hiyo kwa shilingi zake.

Kisha kuna sumu, na hapa Kebirigo ina neno lake la pekee. Majani chai makavu yana kafeini ya asilimia 2 hadi 4. Kijiko kidogo kimoja, yaani gramu 2 hivi, chaweza kuwa na miligramu 60. Na mbwa huanza kuhangaika apatapo miligramu 20 kwa kila kilo, akafikia degedege apatapo 60. Kwa mbwa wa kilo 3, kijiko kimoja, kafeini yake ikitoka yote tumboni, chatosha kumtia taabuni, na vijiko vitatu vyaweza kumfikisha kwenye degedege, hali mbwa mkubwa wa shambani angelazimika kula mara 10 ya kiasi hicho. Pakiti iliyotoboka chini ya meza, basi, katika nchi hii ambayo kila nyumba ina chai, ni jambo la kuangaliwa kuliko anga. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa ya kupe. Wafugaji wengi, wakiisha kumnyunyizia ng'ombe amitrazi, humalizia mabaki kwa mbwa, na yule koko mkubwa akapona bila dalili. Lakini watengenezaji wa dawa hiyo na matabibu wa wanyama huonya isitiwe mtoto wa mbwa asiyetimiza miezi 4, wala chihuahua wa umri wowote. Kupe wenyewe ni hatari, kwani huleta maradhi ya damu, na haifai kuwaachilia. Mtu na anunue dawa iliyopimwa kwa uzito wa mbwa wake, akikumbuka kwamba kukadiria kwa macho, ambako kwa ng'ombe ni kosa dogo, kwa kilo 3 huwa kosa la mwisho.

Kuhusu bodaboda sina mengi: barabara ya lami imepita, lango lifungwe. Kuhusu mbwa wakubwa nina neno moja tu. Mbwa mkubwa akimng'ata mdogo humtikisa, na meno yakiisha kuingia, ngozi iliyolegea hufuata kichwa cha mng'ataji huku nyama na mbavu zikichanika ndani. Ndiyo maana kijitundu kimoja juu ya ngozi huweza kuficha pafu lililotoboka. Mdogo aliyetikiswa apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile, hata akiwa anatembea.

Nafika sasa kwenye tatizo gumu kuliko yote, ambalo ndani yake hofu na hadhari hugombana kwa haki pande zote mbili. Mtoto wa mbwa huzaliwa bila kinga ya kutosha, naye huipata katika dang'a ya mama yake siku ya kwanza. Kinga hiyo ya kuazima hupungua polepole kati ya wiki ya 6 na ya 16. Na ikiwa bado ina nguvu huizuia chanjo isishike, ikiwa imeisha humwacha wazi. Hapo katikati huingia parvo, ugonjwa wa kuhara damu uliotokea duniani mwaka 1978 na kuenea mabara yote kwa muda mfupi, ambao virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi na husafiri katika soli ya kiatu. Matabibu wengi watakuambia umfungie mtoto wa mbwa wako ndani mpaka chanjo ziishe. Lakini katika Bar Harbor huko Marekani, D. G. Freedman, J. A. King na O. Elliot waliwalea watoto wa mbwa uwanjani pasipo kuonana na watu, wakatangaza mwaka 1961 kwamba waliokaa hivyo mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa mwituni, hawafugiki kwa urahisi tena. Mlango wa kuzoea ulimwengu hufunguka wiki ya 3 na kujifunga karibu na ya 12 au ya 14, yaani wakati ule ule ambao mlango wa maradhi uko wazi. Mchelea mwana kulia hulia yeye: mbwa aliyefichwa kwa usalama wake hukua mwenye hofu, na mbwa mdogo mwenye hofu hung'ata.

Madaktari wa tabia za wanyama wa Marekani wamelitatua jambo hili kwa busara ninayoiafiki: mtoto aanze kukutana na watu na mbwa wenye chanjo tangu wiki ya 7 au ya 8, siku 7 baada ya sindano ya kwanza. Kwa Kebirigo maana yake ni kumbeba mkononi sokoni asikie honda na makelele na watu, bila kumweka chini penye kinyesi cha mbwa wengine. Kumkaribisha mbwa wa jirani anayejulikana kuwa mzima. Na kuosha sakafu aliyokaa mgonjwa kwa jiki, kwani sabuni peke yake haiviui virusi hivyo.

Liko jambo moja lisilohitaji mizani yoyote. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi, na kwa binadamu mwaka 1928, kwa mwanamke wa bonde la Ziwa Victoria, si mbali na Gusii. Inakadiriwa kwamba huua watu 2,000 hivi nchini kila mwaka, na dalili zikiisha kuonekana haponi mtu ila kwa nadra isiyotegemewa. Louis Pasteur alipata njia ya kuzuia mauti hayo tarehe 6 Julai 1885, alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, na serikali ya Kenya ilitangaza mwaka 2014 mpango wa kukimaliza kwa watu ifikapo 2030. Kinachotakiwa chajulikana: kuchanja mbwa 7 katika kila 10, tena kila mwaka, kwa sababu mbwa wetu hawaishi sana. Philip Kitala na wenzake waliochunguza mbwa wa Machakos waligundua kwamba jike azaliwapo hatarajiwi kutimiza hata miaka 3, na hivyo kundi lililochanjwa mwaka jana mwaka huu limejaa wageni. Kisiwani Pemba ugonjwa ulikoma mwaka 2014 kwa chanjo, ukarudi 2016 chanjo zilipolegea, ukakomeshwa tena kufikia 2018.

Wako wanaodhani mbwa mdogo wa ndani hahusiki na hayo yote. Hasha! Yule anayelala kitandani na kulamba uso wa mtoto ndiye wa kuchanjwa kwanza, na koko wa jirani, ambaye ndiye atakayemng'ata kupitia ua, achanjwe pamoja naye. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali asingoje kuona kama mbwa atakufa. Nawaomba basi wenye mbwa wadogo wa Kebirigo wamwulize afisa wa mifugo wa wadi yao siku ya chanjo, na siku hiyo ifikapo, wasiende na mbwa wao peke yake. Wapitie kwa jirani wamchukue na koko.