Saa Ndefu na Seremala Wake

Tuionapo saa ndefu ya kusimama, yenye kimo cha kumpita mtu, aghalabu humsifu fundi wa saa peke yake. Seremala husahauliwa, kumbe bila yeye saa ile haiendi.

Pendulamu yake, yaani ule uzito ubembeao huku na huku, ina urefu upatao mita moja ili kila mbembeo uchukue sekunde moja. Vyuma vizito navyo hushuka polepole kwa muda wa siku nane, ndipo saa itiwe ufunguo tena. Hivyo vyote huhitaji kabati refu, tena imara. Kabati likiyumba, pendulamu hupoteza nguvu na saa husimama.

Huko Marekani, katika karne ya 18, maseremala wa koo za Townsend na Goddard mjini Newport walijenga makabati ya mahogani yanayoenziwa hadi leo. Mwaka 1806 Eli Terry wa Connecticut alifunga mkataba wa kutengeneza mitambo 4,000 ya saa, yote ya mbao, kwa miaka mitatu, naye akautimiza. Wachuuzi waliitembeza mitambo hiyo mitupu vijijini. Mnunuzi aliutundika wake ukutani, au akampelekea seremala wa jirani amjengee kabati. Basi riziki ya fundi mmoja ikamfikia na mwenziwe wa mbali.

Habari hiyo yatuhusu. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini ya Lilongwe, ilikuwa gereza kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994. Leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao wasemao Kiswahili kutoka Kongo na Burundi. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini. Tangu hapo seremala hawezi kulifuata soko la Lilongwe apendavyo. Lakini kiti cha mninga, ambao Wamalawi huuita mlombwa, chaweza kwenda bila yeye, kama ulivyokwenda mtambo wa Terry. Kinachotakiwa ni mnunuzi anayethamini kazi.

Nawe askari upatapo uhamisho, kama nyumbani mna saa ya namna hiyo, ondoa kwanza vyuma na pendulamu ndipo uihamishe. Ufikapo, ikaze ukutani isiyumbe. Na mgeni akiisifu, mtajie na seremala.