Maziwa Yaliyokatika

Wengi wetu tumetoka katika nyumba zenye ng'ombe, kwa hiyo sina haja ya kueleza maziwa yaliyokatika ni nini. Nataka kueleza jinsi yanavyoweza kutambuliwa kabla ya kumtia mtu hasara, maana mimi mwenyewe nimekwisha kumtia mama yangu hasara hiyo.

Likizo ya Juni nilikuwa nikimpelekea maziwa mwenye hoteli ya chai mjini Singida. Siku moja tulikuwa na lita tatu za jana jioni na lita nne za asubuhi. Nikayanusa yale ya jana, nikaona ni mazuri (na mafua ninayo!), nikayachanganya yote katika dumu moja. Yalipobandikwa jikoni, lita zote saba zikakatika. Nilirudi bila senti, na fedha zile zilikuwa za nauli yangu ya kurejea shuleni.

Sababu yake ni bakteria. Hula sukari iliyomo katika maziwa na kuacha asidi. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yana pH ya 6.6 hadi 6.8. Asidi inapozidi, chembe za protini iitwayo kaseini, ambazo kwa kawaida hukimbiana, huanza kushikamana. Ikifika pH 4.6 maziwa huganda hata bila moto. Lakini moto huyakatisha mapema zaidi, wakati pua bado haijasikia kitu.

Tangu zamani wapimaji wa maziwa wana rangi ya buluu iitwayo resazurini. Bakteria wakiwa wengi huigeuza kuwa ya waridi, kisha hupotea kabisa. Ajabu ni kwamba ile ya waridi, ukiimulika kwa mwanga wa kijani, yatoa mwanga wake yenyewe, mwekundu.

Siku hizi wataalamu wana molekuli za namna nyingine, zinazopima uzito wa kimiminika. Molekuli hiyo ina sehemu mbili zilizoungana, nazo huweza kujisokota. Ikimulikwa hupata nguvu. Katika kimiminika chepesi nguvu hiyo huishia katika kule kujisokota, na mwanga huwa hafifu. Fikiri mwiko: ndani ya maji wazunguka upendavyo, ndani ya ugali wa uwele mkono wachoka. Molekuli iliyobanwa hivyo haiwezi kujisokota, basi huitoa nguvu yake kwa kung'aa. Maziwa yakianza kuwa mazito mng'ao huongezeka, na chombo cha kupimia mwanga huona badiliko dogo ambalo jicho halilioni.

Mimi naona taabu moja. Baridi nayo huyafanya maziwa kuwa mazito, na asubuhi za Juni huku kwetu si mchezo. Hapana budi joto lipimwe pia, ama sivyo maziwa mazuri yatamwagwa bure.

Taa na chombo hicho sisi hatuna. Penye vituo vya kukusanyia maziwa, huchanganya maziwa kidogo na alkoholi kwa kipimo sawa. Yakifanya madonge, hukataliwa. Mama hana hata alkoholi. Asubuhi ya pili alinipa kijiko cha bati, akanionyesha kaa la moto.

"Kijiko kimoja cha kila chombo, mwanangu," akasema. "Ukichemsha kikatulia, ndipo uchanganye."

Hakusema neno jingine juu ya nauli.